Mizani ya Nani? Kuzisoma Sera za Elimu na Mitihani Yake

Neno mizani lina kazi mbili katika lugha yetu. Sokoni ni chombo cha kupimia uzito, wa samaki au wa karafuu. Barazani kwa watunzi ni idadi ya silabi katika mshororo. Mizani ya kwanza hutafuta uzito, ya pili hutafuta hesabu, na wapenzi wa ushairi wanajua fika kwamba hesabu inaweza kutimia pasi na uzito wowote. Ili nisije nikamsingizia mtunzi yeyote, nimetunga mwenyewe ubeti wa mfano:

Elimu ni jambo jema, elimu ni kitu bora,
Tusonge mbele kusoma, tuijenge yetu dira,
Tusirudi tena nyuma, tushike yetu bendera,
Elimu ndiyo heshima, elimu ndiyo imara.

Mwenye kutaka kuhesabu na ahesabu. Kila kipande kina mizani nane, kina cha kati ni -ma na cha mwisho ni -ra, mishororo ni minne, hapana kilichopinda. Kwa upande wa umbo, hata Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetupangia sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954, asingeona pa kulaumu. Hata hivyo ubeti huu haumwambii mtu jambo wala haumpingi mtu, na mshororo wa kwanza ukiuhamishia mahali pa tatu hakuna atakayegundua. Hesabu imetimia, shairi halipo.

Mfano huu nimeuleta kwa ajili ya sera za elimu, maana nazo ni maandishi kama maandishi mengine, na zinastahiki kusomwa kwa makini yale yale tunayozisomea diwani. Dai langu ni moja. Katika nchi yetu sera ya elimu iliyo ya kweli haimo katika kitabu cha sera, imo katika karatasi ya mtihani. Kinachoulizwa ndicho kinachofundishwa. Lugha inayouliza ndiyo inayotawala darasa. Na mwenye kipimo mkononi anaweza kutangaza kwamba mageuzi yamefaulu au yameanguka bila ya kuligusa darasa lenyewe.

Tuanze na uandishi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015 na Rais Jakaya Kikwete, iliandikwa kwa Kiswahili, na hilo peke yake ni jambo la kushukuriwa, kwa kuwa ile ya mwaka 1995 iliyoitangulia ilitoka kwa Kiingereza. Lakini msomaji wa mashairi akiyapitia matamko yake atagundua kibwagizo: Serikali itaweka utaratibu. Suala la walimu, itaweka utaratibu. Suala la vitabu, itaweka utaratibu. Suala la lugha, vivyo hivyo. Kitenzi kiko katika wakati ujao usio na tarehe, na kitu kinachotendwa, yaani huo utaratibu, hakina umbo wala mwenyewe. Katika shairi kibwagizo hurudi kila mara kikiwa na mzigo mpya kutoka ubeti uliopita. Hapa kinarudi kama kilivyokwenda. Na tamko lisilosema nani atafanya nini, lini, na kwa ushahidi gani tutajua kwamba kimefanyika, halipimiki. Lisilopimika halina wa kulisimamia, na hapo ndipo mtihani unapoingia na kuijaza nafasi iliyoachwa wazi.

Historia ya suala la lugha inaonyesha vyema jinsi sera zinavyotungwa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa ripoti yake mwaka 1982, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia Kidato cha Kwanza mwaka 1985. Serikali ilipotoa msimamo wake mwaka 1984, pendekezo hilo halikuwamo. Sera ya mwaka 1995 ikakithibitisha Kiingereza kwa sekondari. Sera ya mwaka 2014 ikageuka, ikatamka kuwa Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Miaka ikapita, na mtihani wa Kidato cha Nne katika historia, jiografia, bayolojia na mengineyo ukaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Sera hiyo ilipofanyiwa mapitio na toleo la mwaka 2023 kuzinduliwa mapema mwaka 2025, Kiingereza kilikuwa pale pale sekondari. Tuseme basi kwamba tamko la mwaka 2014 lilishindwa? Kushindwa kunataka kujaribiwa kwanza. Kwa miaka yote hiyo lilikuwapo kitabuni kama mshororo uliotiwa kwa ajili ya kukamilisha vina. Mwanafunzi aliyefanya mtihani mwaka 2016 au 2020 hakuliona popote katika karatasi yake.

Hapa kwetu Visiwani fumbo hili lina kitanzi cha pili. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake, ina mitaala yake na ina sera yake. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na skuli zetu zimepita njia yake tangu hapo. Lakini Baraza la Mitihani la Tanzania limo katika orodha ya mambo ya Muungano. Mitihani ya chini tunaitunga wenyewe. Ule wa Kidato cha Nne, unaoamua nani ataendelea na nani atarudi nyumbani, unatungwa kwa ajili ya Bara na Visiwani kwa pamoja. Maana yake ni kwamba tunaweza kuandika sera tuipendayo, lakini mshororo wa mwisho wa kila ubeti tumeshaandikiwa, nasi tunatafuta vina vya kuufikia.

Ndivyo ninavyoielewa sera ya Zanzibar ya mwaka 2006, iliyoamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nia yake ilikuwa kumwandaa mtoto kwa sekondari ambako Kiingereza kinamngoja. Nia hiyo si mbaya. Lakini tazama mwendo wa hoja: mtihani wa mbali umevuta lugha ya sekondari, lugha ya sekondari imevuta lugha ya darasa la tano, na mtoto wa Makunduchi au Micheweni, ambaye Kiswahili ni lugha ya mama yake na ya bibi yake, ameanza kujifunza sehemu na desimali kwa lugha ambayo pengine mwalimu wake mwenyewe haijui vizuri. Hakuna mahali katika mwendo huo ambapo mtu alisimama akauliza ni kwa lugha gani mtoto huyu ataielewa sehemu. Swali lililoulizwa ni kwa lugha gani ataulizwa.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka mitihani ishushwe hadhi mbele ya serikali na mbele ya umma, kwa sababu skuli ya msingi ilikuwa imegeuka ngazi ya wachache kupandia huku wengi wakihesabiwa walioanguka. Baraza la Mitihani likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na hadhi ya mtihani ikapanda badala ya kushuka. Azimio la Musoma la Novemba 1974 nalo lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufikia mwaka 1977. Ili kupata walimu wa haraka, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu papo kwa papo. Walioandikishwa wakaongezeka kwa kasi ambayo nchi nyingi maskini hazikuifikia, na lazima tuitaje fahari hiyo. Hata hivyo kipimo kilikuwa kuandikishwa. Tulihesabu vichwa kama tunavyohesabu silabi, na swali la uzito likaahirishwa.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, na kiasi cha asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilishtuka, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome, na ilipofika Mei serikali ikatangaza kuyafuta matokeo hayo ili alama zipangwe upya. Zikapangwa, na walioanguka wakapungua. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile na watoto ni wale wale. Mwaka huo huo ukaanzishwa mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, uliofuata mfano wa Malaysia, uliokusudia ufaulu ufike asilimia 80 mwaka 2015. Mwaka huo huo tena viwango vya alama vikabadilishwa, daraja la C likaanzia alama 40. Mwaka 2014 matokeo yakatolewa kwa wastani wa alama badala ya madaraja, na haikupita miaka miwili madaraja yakarejeshwa.

Simtuhumu mtu kwa nia mbaya, na huenda kila badiliko lilikuwa na sababu yake ya kitaalamu. Nasema jambo jepesi zaidi. Mfanyabiashara anayebadilisha mawe ya mizani mara nne katika miaka minne hawezi kutuambia kama karafuu za mwaka huu ni nzito kuliko za mwaka juzi. Pengine ni nzito, pengine ni nyepesi. Yeye mwenyewe hajui tena. Mtunzi wa mageuzi, mpimaji wa mageuzi na mtangazaji wa matokeo wakiwa chini ya paa moja, umma unabaki kuwa hadhira isiyoruhusiwa kuushika ubao wa mizani hata kwa kidole.

Na hata pale kipimo kinapotulia, hugeuza kile kinachopimwa. Chini ya Matokeo Makubwa Sasa, skuli za msingi za Bara zilipangwa hadharani kwa nafasi zao. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza athari ya upangaji huo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Waliona kwamba skuli zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliongeza kiwango cha ufaulu, lakini pia idadi ya watoto waliofika kukaa katika chumba cha mtihani ilipungua. Kwa maneno mengine, mshororo ulipozidi mizani, silabi zilikatwa. Silabi hizo ni watoto wenye majina na wazazi. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza skuli bora na watahiniwa bora, na uamuzi huo nauunga mkono. Lakini kuacha kutangaza washindi hakujatuambia tupime nini badala yake.

Walikuwapo waliojaribu kupima kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2010 mradi wa Uwezo ulipeleka watu majumbani, si skulini, wakamwekea mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na kumwomba aisome. Ni kipimo cha unyenyekevu mno: hadithi moja, mtoto mmoja, mlangoni kwao. Kikaonyesha kwamba wengi wa darasa la tatu Bara hawakuweza kuisoma. Hakuna mtihani wa taifa uliokuwa umelisema hilo kwa uwazi huo, na mzazi asiyejua neno mtaala aliielewa habari hiyo mara moja, kwa kuwa mtoto alisoma mbele yake au alishindwa mbele yake. Kisha mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ikarekebishwa ikawa ni kosa kuchapisha takwimu za kupinga zile rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na makali hayo yakaondolewa. Kipindi kilikuwa kifupi, lakini kilitufunza kwamba kupima ni mamlaka, na mamlaka hayapendi kushirikiana mizani.

Msomaji ataniuliza: ushairi unahusika vipi na yote haya? Unahusika kwa sababu nao umo katika karatasi ya mtihani, na hapo twaweza kuona kwa macho yetu kile ninachokisema. Katika mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba wa Bara kumekuwapo sehemu ya ushairi. Mtoto huwekewa shairi, kisha huulizwa lina beti ngapi, mshororo una mizani ngapi, kina cha kati ni kipi. Majibu yanahesabika, kwa hiyo yanasahihishika upesi. Kitu ambacho ni kizingiti cha kuingilia katika ushairi kimefanywa kuwa nyumba nzima. Mtoto anaweza kupata alama zote bila ya kujua kama mtunzi alikuwa analia au anacheka.

Sekondari hali inabadilika sura tu. Kwa zaidi ya muongo mmoja orodha ya Kidato cha Tatu na cha Nne ilikuwa na diwani tatu: Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib, Malenga Wapya ya TAKILUKI na Mashairi ya Chekacheka ya Theobald Mvungi. Mbili kati ya hizo zimetoka kwetu, na hilo ni la kujivunia. Lakini swali lake limezoeleka: hutolewa dai kuhusu washairi na jamii, kisha mtahiniwa hutakiwa kulithibitisha kwa hoja tatu kutoka kila diwani kati ya diwani mbili. Dai limeshatolewa, halipingwi. Hoja ni tatu, si mbili nzito wala moja iliyochimbwa hadi kwenye mizizi. Ndiyo maana madukani vitabu vya uchambuzi vyenye dhamira zilizopangwa kwa namba vinauzika kuliko diwani zenyewe, na kijana mwenye akili timamu hununua kile kitakachomvusha. Tusimlaumu. Ameisoma sera vizuri kuliko sisi, kwa kuwa ameisoma mahali ilipoandikwa.

Kama mfasiri naongeza moja. Katika orodha hiyo hiyo, riwaya ya Takadini na tamthilia ya Orodha ni tafsiri kutoka Kiingereza. Sina ugomvi na tafsiri. Ndiyo kazi yangu. Lakini mtahiniwa akiambiwa aeleze jinsi mwandishi alivyotumia lugha, misemo na tamathali za Kiswahili atakazozitaja ni za mfasiri asiyetajwa, na sifa inakwenda kwa Hanson na Reynolds ambao hawakuziandika. Kosa hilo ni dogo kwa alama na kubwa kwa maarifa. Mtaala uliojitangaza tangu mwaka 2005 kuwa ni wa umahiri ungepaswa kumfundisha mtoto kuliona. Mtihani haukuuliza, basi halikufundishwa.

Wapo watakaonijibu kwamba ushairi wetu haukuletwa na skuli na hauwezi kuuliwa na skuli. Watanitajia Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, mtunzi wa Kimbunga, ambaye elimu yake ya utotoni ilikuwa ya chuoni na ya baharini. Ni kweli, na ni hoja nzito. Lakini zama za Haji Gora kijiji kilikuwa na saa za kumfundisha mtoto: usiku wa hadithi, ngoma, safari za dau. Leo saa hizo zimechukuliwa na skuli asubuhi na tuisheni jioni. Aliyechukua saa amechukua na dhamana. Skuli ikiwa imemchukua mtoto mchana kutwa, haiwezi kutuambia kwamba kumfundisha lugha yake ni kazi ya bibi.

Wala sisemi mitihani ifutwe. Mtihani una haki yake ambayo washairi huisahau. Mtoto wa mvuvi anapoingia chumbani akiwa na namba badala ya jina la baba yake, hapo amepata usawa ambao hangeupata katika ofisi nyingi. Na ile sifuri ya mwaka 2013, pamoja na machungu yake, ilikuwa ukweli uliotoboa ukuta. Bila ya mtihani tungeendelea kujipongeza. Kosa ni kuufanya mtihani mmoja wa mwisho kuwa lengo, kipimo na hukumu kwa wakati mmoja, kisha kuugeuza kila unapotuaibisha.

Linalotakiwa si gumu kulieleza. Sera inapoandikwa, kila tamko lake liseme litapimwaje, lini, na na nani asiyekuwa mtungaji wake. Na kipimo hicho kisiguswe mpaka muda wake umalizike. Mtaala unapobadilishwa, karatasi ya mtihani ibadilike siku hiyo hiyo, la sivyo mtaala mpya ni kanzu mpya juu ya mwili ule ule. Vipimo vya nje ya serikali, kama kile cha hadithi moja mlangoni, viachwe vifanye kazi na vijibiwe kwa hoja. Na kwa upande wa ushairi, mtahiniwa awekewe shairi asilopata kuliona, aulizwe linasema nini na limelisemaje, na aruhusiwe kulikataa dai la mtahini akiwa na ushahidi.

Hayo ni ya serikali. Sisi wa baraza hili tuna sehemu yetu, na haihitaji ruhusa ya mtu. Karatasi za mitihani iliyopita hupatikana madukani na mikononi mwa wanafunzi. Kila mwaka tunahakiki diwani zinazosomwa na watu mia kadhaa, ilhali maswali ya ushairi yanayosomwa na vijana laki kadhaa, na yanayoamua wataupenda ushairi au wataukimbia, hatujayahakiki hata mara moja. Napendekeza kila matokeo yanapotangazwa, ukurasa mmoja wa jarida hili utengwe kwa ajili ya maswali ya mwaka huo: lipi lilimtaka mtoto asome, lipi lilimtaka ahesabu tu, lipi lilikuwa na jibu moja ilhali shairi lina matatu. Tuwaandikie watahini kama tunavyowaandikia washairi, kwa adabu na bila ya kuficha. Wao pia ni watunzi, na kazi zao ndizo zinazosomwa zaidi kwa Kiswahili katika nchi hii.